Sindano iliyochakaa hula mtaji wa mwenye santuri

FAMILIA nyingi za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilizorithi santuri za miaka ya 1970 hulalamika kuwa sauti inakwaruza. Dawa inayokimbiliwa ni kununua spika kubwa zaidi, na hapo ndipo fedha zinapopotea.

Spika kubwa hukuza mkwaruzo ule ule. Sauti huzaliwa pale sindano inapogusa mfereji wa santuri, hivyo shilingi ya kwanza iende hapo.

Ncha ya almasi hudumu takriban saa 500 hadi 1,000 za kupiga muziki. Ikishachakaa huanza kuuchonga mfereji, na hakuna fundi wa kuurudisha. Kwa santuri ndogo za mizunguko 45 zilizotengenezwa Nairobi, ambazo wakusanyaji wa Ulaya wanazitafuta, hiyo ni hasara ya mali, si ya burudani pekee.

Mashine za bei poa zenye umbo la sanduku ni za kuogopwa. Nyingi hukandamiza santuri kwa gramu tano au zaidi, wakati sindano nyingi za vichwa vya sumaku huhitaji gramu 1.5 hadi 2.5. Mizani ndogo kama ya sonara inatosha kupimia. Lakini kupunguza uzito mno nako ni kosa: sindano hurukaruka na kuumiza mfereji vile vile.

Vumbi lipanguswe kwa brashi laini kila mara. Santuri chafu ioshwe kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwenye betri za magari (si tindikali!), na tone la sabuni ya vyombo, kisha isuuzwe bila kulowesha lebo. Zile nzito za mizunguko 78 zisiguswe na spiriti, na zinahitaji sindano yao nene.

Wapo pia wanaounganisha mashine moja kwa moja na redio, wakapata sauti nyembamba isiyo na besi, wakadhani kichwa kimekufa. Kiwandani besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isipanuke. Kinachokosekana ni kikuza sauti kidogo cha santuri cha kuirudisha.

Muziki ukivuta, mkanda wa mpira huenda umelegea. Weka alama ya karatasi na uhesabu: santuri kubwa ya 33 izunguke mara 100 kwa dakika tatu.

Zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, mbali na dirisha lenye jua, na kamwe zisiachwe ndani ya gari mchana.