Mpira wa Magongo Juu ya Barafu

Wasikilizaji wetu, barafu tuijuayo sisi wa Chilangala ni ile itiwayo katika kinywaji. Kumbe wako watu waigandishao hata ikawa uwanja! Wachezaji sita kila upande huteleza juu yake kwa viatu vyenye bamba kali la chuma, wakigombania kwa magongo kisahani cha mpira mgumu.

Huko Marekani iko ligi ndogo ya kulipwa, ECHL, iliyoanzishwa mwaka 1988. Ijapokuwa ni ndogo, kila timu hucheza michezo 72 tangu Oktoba hata Aprili, nao wachezaji hutumaini kuitwa ligi za juu.

Jirani zetu wa Nairobi walipata uwanja mwaka 2005, katika hoteli ya Panari. Timu yao, Ice Lions, haikukosa barafu wala bidii; ilikosa mpinzani. Basi wakajigawa, wakashindana wao kwa wao. Lakini msimu ni nini pasipo mgeni wa kumfunga? Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakacheza pamoja na mabingwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwezi wa Septemba 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo, kwa uanachama mshiriki, usio kamili.