Diski ya Terabaiti 3, Kompyuta Yaona Gigabaiti 746

Funga diski ya terabaiti 3 kwenye kompyuta ya zamani yenye Windows XP, kisha tazama ukubwa wake. Mara nyingi utaona gigabaiti 746 tu. Wapo wanaomrudia muuzaji kwa hasira wakiamini wameuziwa feki, kumbe diski haina kosa. Kompyuta ndiyo iliyoishiwa namba za kuihesabu.

Diski imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, na kwa miaka mingi kila sekta ilibeba baiti 512. Ili isome au iandike, kompyuta hutaja namba ya sekta inayoitaka, na namba hiyo ina idadi maalumu ya biti. Ni kama daftari la mjumbe wa mtaa lenye nafasi ya tarakimu tatu kwa kila nyumba: nyumba ya 999 inaandikika, lakini ya 1,000 hukosa pa kuweka ile moja, ikasomeka 000.

MBR, utaratibu wa kugawa diski uliokuja na DOS 2.0 mwaka 1983, hutumia biti 32. Hizo zinatoa namba 4,294,967,296. Zidisha kwa baiti 512, unapata terabaiti 2.2 hivi. Mbele ya hapo hesabu hurudi sifuri. Ukitoa 2.2 kwenye 3 inabaki karibu 0.8, ambayo Windows, kwa kuhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, huiandika gigabaiti 746. Mwaka huohuo wa 1983 IBM ilitoa PC/XT ikiwa na diski ya megabaiti 10, kwa hiyo biti 32 zilionekana nyingi mno.

Ukuta huu wa terabaiti 2.2 si wa kwanza. Katika miaka ya 1990 kompyuta nyingi ziligota kwenye megabaiti 528. Wakati huo sekta ilitajwa kwa silinda, kichwa na namba yake. BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, iliruhusu silinda 1,024 na vichwa 256. Diski za IDE nazo ziliruhusu silinda 65,536 lakini vichwa 16 tu. Ilibidi kuchukua kiwango kidogo cha kila upande: silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63 za baiti 512, yaani baiti 528,482,304. Ukuta huo ulipovukwa, ukaja wa gigabaiti 8.4, na baadaye ule wa gigabaiti 137 uliotokana na anwani za biti 28. Kiwango cha ATA-6 kiliongeza biti hadi 48, na Windows XP ikaanza kuzitumia ilipopata Service Pack 1 mwaka 2002.

Ukuta wa 137 ndio wa kuogopwa zaidi. Mfumo usiojua biti 48 unaweza kuanza vizuri, data ikajaa hadi mpakani, kisha maandishi mapya yakaangukia mwanzo wa diski na kufuta orodha ya mafaili. Mwenye kompyuta hugundua siku mafaili yanapokataa kufunguka.

Tiba inategemea umegota wapi. Kwenye ukuta wa 137, tafuta toleo jipya la BIOS kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, au pachika kadi ya diski yenye BIOS yake, na uhakikishe Windows ina masahihisho yake yote. Kwenye ukuta wa terabaiti 2.2, achana na MBR, utumie GPT, ambayo anwani zake ni za biti 64. Windows Vista na zilizofuata husoma diski ya data ya GPT hata kwenye mashine yenye BIOS ya zamani, lakini Windows haiwaki kutoka kwenye diski hiyo bila UEFI, mrithi wa BIOS. Njia rahisi ni kuacha mfumo kwenye diski ndogo iliyopo, kubwa ikabeba data. Linux inaweza kuwaka kutoka GPT kwa BIOS ya kawaida, mradi utenge kisehemu kidogo cha kuwashia.

Kabla ya kubadili MBR kuwa GPT, nakili data yote mahali pengine, kwa sababu ukibadilisha kwa zana ya kawaida ya Windows ni lazima ufute kwanza sehemu zote za diski. Na kama kompyuta yako haijui GPT wala huna mpango wa kuibadilisha, nunua diski isiyozidi terabaiti 2. Utatumia kila baiti uliyoilipia.