Lubumbashi: devi inahesabu simenti, inasahau zamu

Katika komine ya Annexe, mjini Lubumbashi, utaona nyumba nyingi zilizofika kwenye linteli kisha zikasimama. Wapita njia husema mwenye kiwanja ameishiwa pesa. Mara nyingine aliyeishiwa ni fundi aliyechukua kazi.

Tuchukue mfano, wa hesabu tu. Fundi anaandika devi: vifaa dola 12 000, mikono ya kazi 4 000. Anaongeza asilimia 10, dola 1 600, na kuiita faida. Jumla 17 600, kazi ya miezi mine. Lakini kila mwezi kuna zamu wa kulinda kiwanja, kuna lori, kuna mafuta ya jenereta umeme wa SNEL ukikatika, kuna maji, simu na karatasi za komine. Tuseme dola 500 kwa mwezi. Miezi minne ni 2 000. Faida imekwisha, na fundi amekwisha kupoteza 400 kabla bei yoyote haijapanda.

Sasa mfuko wa simenti upande dola 2 na kazi itake mifuko 300: hasara inafika 1 000. Mvua za Novemba zikichelewesha kazi miezi miwili zaidi, inafika 2 000. Hakuna aliyeiba hata mfuko mmoja.

Tena kuna vipimo. Zege la kawaida, kilo 350 za simenti kwa meta moja ya ujazo, linakula mifuko saba ya kilo 50. Dala ya meta 10 kwa 10, yenye unene wa sentimeta 10, inataka mifuko 70. Wafanyakazi wakimwaga sentimeta 12, ni mifuko 84. Sentimeta mbili hazionekani kwa jicho, lakini dukani zinaonekana.

Bei yenyewe haitegemei Lubumbashi peke yake. Simenti nyingine inatoka Ndola, Zambia, na vifaa vingi vinapita Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka mjini. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo kwa siku chache. Ugomvi ulikuwa juu ya bia na vinywaji vya sukari, lakini mpaka ukifungwa, lori la simenti nalo linasimama. Franka nayo haitulii: mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu franka 2 000, katikati ya 2024 karibu 2 800, kisha mwishoni mwa 2025 dola ikashuka. Fundi anayelipwa kwa dola na kulipa wafanyakazi kwa franka alilisikia hilo mfukoni.

Je, anaweza kurudi kwa mwenye nyumba kuomba nyongeza? Kuomba, ndiyo. Kudai ni jambo lingine. Sheria ya mikataba ya Julai 30, 1888, ambayo ingali inatumika Kongo, inamfunga aliyekubali kujenga kwa bei moja, ile tunayoita forfè: vifaa au mikono ya kazi ikipanda, hasara ni yake. Hata chumba kilichoongezwa katikati ya kazi hakilipwi kama hakikuandikwa na bei yake kupatanwa. Ile ya “tutapatana kisha, fundi” imewaumiza wengi.

Mkataba, lakini, unaweza kusema vingine. Wanaojua kazi wanaandika kwenye devi bei ya simenti, fero na mabati ya siku ile, wanaweka siku ambayo devi inakwisha nguvu, na wanakubaliana kwa maandishi kwamba bei ikipita kiasi fulani watahesabu upya. Gharama za kila mwezi wanaziweka mstari wake, mbali na faida. Tatizo ni kwamba devi kama hiyo inaonekana ghali, na mwenye kiwanja akilinganisha karatasi tatu anachukua iliyo chini.

Wengine wameamua mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe, wao walipwe mikono tu. Inasaidia. Lakini lori la mchanga likichelewa siku tano, wafanyakazi wanakaa kivulini wakingojea mshahara, na zamu naye anataka kula.