Binti wa Mfalme Aliyejifanya Bubu

Katika karne ile ambayo makhalifa wa Baghdad walikuwa kileleni mwa enzi yao, walizuka kaskazini ya Ulaya watu wa bahari ambao Wazungu wawaita Waviking. Sisi twaweza kuwaita kwa jina walilopewa na waandishi wa Kiarabu: Majusi. Ndivyo walivyoandikwa waliposhuka Andalusia mwaka 844 wakauvamia mji wa Ishbilia, huo uitwao leo Seville. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuionja Uingereza mwaka 793, na Ireland mwaka 795. Tarehe za watawa wa Ireland zasimulia kuwa mwaka 821 waliipiga rasi ya Howth, jirani na Dublin ya leo, wakachukua mateka wanawake wengi. Hao wanawake hawakutajwa majina. Hata mmoja.

Biashara yenyewe, ndugu msomaji, haikuwa mbali na ulimwengu wa Kiislamu kama tunavyodhani. Dirhamu za fedha zilizopigwa chapa Samarkand na Baghdad zimefukuliwa kwa maelfu katika mashamba ya Sweden, na sehemu ya fedha ile ilikuwa thamani ya watu. Ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa al-Muqtadir, alipofika mto Volga mwaka 922 aliwakuta wafanya biashara wa watu hao, na vijakazi wao wa kuuza. Aliona pia maziko ya mkubwa wao mmoja, ambapo kijakazi alinyweshwa pombe, akaimbishwa, kisha akauawa ili afuatane na bwana wake. Ibn Fadlan alikuwa mwangalifu wa kila kitu: nguo, vikuku, hata kikongwe aliyesimamia kuuawa kwake. Jina la yule msichana hakulipata.

Hapo ndipo ulipo ufa ambao hadithi huingia kuuziba. Na hadithi ninayoiona bora kuliko zote za msichana wa zama hizo imo katika kitabu cha kale cha Iceland kiitwacho Laxdæla, kilichoandikwa karne ya 13, miaka mia tatu hivi baada ya mambo kinayoyasimulia. Mtungaji wake hajulikani. Wako wataalamu wanaoshuku kuwa alikuwa mwanamke, kwa jinsi wanawake walivyoshika usukani wa kisa.

Yasemwa kuwa Höskuld, tajiri wa Iceland aliyekwenda Norway kutafuta mbao za kujengea nyumba, alipita katika visiwa vya Brenneyjar, pwani ya Sweden, penye gulio. Akaingia hema la mfanya biashara aliyeitwa Gilli, mwenye kofia ya Kirusi. Pazia likafunuliwa, nyuma yake wameketi wanawake kumi na wawili. Höskuld akampenda aliyekaa pembeni kabisa, mwenye nguo mbovu. Bei ya wengine ilikuwa maki moja ya fedha, yaani zaidi ya gramu 200. Huyu bei yake maki tatu. Na ana kasoro, Gilli akasema: ni bubu. Höskuld akapima fedha yake, akamchukua, na usiku ule ule akamfanya suria.

Nyumbani bi mkubwa, Jórunn, hakufurahi, nani angefurahi? Kijakazi akajifungua mtoto wa kiume, Ólaf. Miaka ikapita, naye hasemi neno. Asubuhi moja Höskuld akitembea karibu na kijito akasikia sauti za watu wakizungumza. Akasogea. Ni yule bubu, na mwanawe wa miaka miwili, wanaongea kwa raha zao. Ndipo alipojieleza: jina lake Melkorka, baba yake Myrkjartan, mfalme katika Ireland, naye alitekwa akiwa na umri wa miaka kumi na mitano.

Mimi hapo husimama kila mara. Kitabu hakituambii kwa nini alinyamaza; masimulizi ya Iceland hayana desturi ya kuingia moyoni mwa mtu. Mwandishi wa riwaya wa leo angetujazia kurasa hamsini za mawazo na machozi. Yule wa kale ametuachia kimya chenyewe. Kwa rai yangu, bwana alinunua mwili, na ulimi haukuwamo katika bei. Aliuweka kwa ajili ya mtu mmoja tu, na huyo alimfundisha Kiirish.

Usidhani alikuwa mnyonge. Siku moja alikuwa akimvua bi mkubwa soksi, Jórunn akazichukua akamchapa nazo kichwani. Melkorka akampiga konde la pua hata damu ikatoka. Höskuld akawaamua, kisha akampa suria shamba lake mwenyewe akae mbali.

Riwaya nyingi za siku hizi humpa msichana wa Kiviking upanga na farasi. Sikatai kabisa: kaburi la Birka, Sweden, lililojaa silaha, mwaka 2017 lilithibitishwa kuwa la mwanamke. Lakini huyo ni mmoja. Vipimo vya urithi vya watu wa Iceland, vilivyotangazwa mwaka 2000 na 2001, vilionyesha kuwa wahenga wengi wa kuumeni walitoka Norway na jirani zake, ilhali zaidi ya nusu ya wahenga wa kikeni walitoka Ireland na Scotland. Si wote walioburutwa kwa kamba, wengine waliolewa. Walakini kina Melkorka hawakuwa wachache.

Wasomaji wetu watapenda kujua hali ya mtoto. Katika sharia yetu suria akimzalia bwana wake huwa ummu walad, hauziki tena, na mwanawe hurithi sawa na ndugu zake. Huko haikuwa hivyo. Höskuld alipokuwa mahututi aliwaomba wana wa bi mkubwa wamwingize Ólaf katika urithi. Mkubwa wao akakataa. Basi akaomba ruhusa ampe aunsi kumi na mbili tu. Wakakubali, wakidhani ni za fedha. Mzee akatoa za dhahabu.

Zamani, Ólaf alipokuwa na miaka kumi na minane, mama yake alikuwa amekubali kuolewa na mtu asiyempenda ili mwana apate gharama za safari ya Ireland. Akampa pete ya dhahabu aliyopewa na baba yake alipoota meno, na kisu na mshipi, vitu ambavyo yaya wake wa zamani angevitambua. Ólaf akafika, akazungumza na watu wa pwani kwa lugha yao, na mfalme alipoiona pete uso ukamwiva. Yaya alikuwa hai, kizee wa kitandani. Alipokabidhiwa kisu na mshipi aliinuka siku ile ile, akilia kwa furaha. Ólaf alitaka kurudi naye Iceland akaonane na Melkorka, lakini mfalme hakutoa ruhusa, na yule kizee hakwenda.