Kabla Hujaondoka Dirishani, Soma Jina la Marehemu

Ukifiwa huku Mukurweini, watu watajaa bomani kabla jua halijatua. Wengine wataleta sukari na maziwa, wengine kuni, na kamati ya mazishi itaketi jioni hiyo hiyo. Lakini hakuna atakayekuambia usome fomu. Wacha nikuambie mimi.

Kila familia ina yule kijana asiye na bosi wa kuomba ruhusa. Kwetu ni mimi. Guka alipofariki hospitalini, baba alinikabidhi faili ya kaki akasema, "Wewe una muda, shughulikia karatasi." Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja.

Kibali cha mazishi kilipatikana haraka. Tukatoa mwili mochari, tukamzika Guka kando ya kahawa yake, watu wakarudi Nairobi. Faili nikaiweka juu ya kabati nikaisahau.

Baada ya miezi miwili, Cucu aliniita. Dawa zake za presha zilikuwa zimeisha, na pesa zote zilikuwa kwa akaunti ya Guka. Benki ilitaka cheti cha kifo. Nilipoanza kukifuatilia, nikapata tarakimu moja ya nambari ya kitambulisho imekosewa tangu ile fomu ya kwanza ya hospitali. Na aliyeitia sahihi ni mimi. Sikuwa nimeisoma. Siku hiyo nilitaka tu kutoka pale.

Basi nikaanza safari. Wakili wa kuandika hati ya kiapo. Matatu hadi Nyeri mjini. Foleni. "Mfumo umeanguka, rudi wiki ijayo." Kila nikirudi mikono mitupu, Cucu ananiuliza, "Kwani serikali bado haijaamini mzee alikufa?" Dawa akawa anachukua kwa deni.

Ndiyo maana nakuandikia. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kibali kinakuruhusu kuzika tu. Cheti unakiomba mwenyewe, siku hizi kupitia eCitizen, na kibali ni kati ya karatasi utakazohitaji. Usikitupe na risiti za hema.

Mtu akifia hospitalini, hospitali ndiyo huandika taarifa ya kifo. Akifia nyumbani, mwone naibu wa chifu. Kitambulisho halisi cha marehemu huchukuliwa wakati wa usajili, kwa hivyo piga kopi kadhaa mapema. Halafu linganisha kila herufi ya jina na kila tarakimu ya nambari ungali umesimama pale dirishani. Kosa la dakika moja hapo linaweza kukugharimu miezi.

Usingoje pia. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, kifo kikikaa zaidi ya miezi sita bila kusajiliwa, inabidi upate idhini ya maandishi kutoka kwa Msajili Mkuu.

Na cheti si mwisho. Kama marehemu ameacha shamba au pesa, mnaenda mahakamani kwa kesi ya urithi, mkiwa na barua ya chifu inayotaja warithi. Ombi lenu huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Sasa piga hesabu: ukichelewesha karatasi ya kwanza, zote zilizo nyuma yake zinachelewa. Anayeumia ni yule mzee aliyebaki nyumbani.

Cheti chetu kilitoka hatimaye. Cucu alivaa miwani, akakisoma polepole huku akifuatisha kwa kidole, jina lote, nambari yote. Alipofika mwisho akarudia tena. Ndipo akasema, "Sasa sawa, twende mahakamani."

Mimi ndiye ningesoma hivyo siku ya kwanza. Wewe bado una nafasi.