Trela ya kambi: Kwa nini gari huinama nyuma, na la kufanya

WENGI wanaofunga safari ya Ziwa Turkana au Maasai Mara wakivuta trela ya kambi hukumbana na tatizo la kwanza kabla hata hawajatoka mjini. Gari linapovuka tuta, chuma cha kuvutia trela kinakwaruza lami kwa kishindo, na dereva anaposhuka kutazama anakuta gari limeketi kwa makalio, pua imeelekea juu.

Aghalabu hatua inayofuata ni kumtafuta fundi aongeze vipande vya mpira au chuma juu ya springi ili gari lipate kimo. Gari huinuka kweli, na mwenyewe huondoka akiwa ameridhika. Hata hivyo, kilichobadilika ni kimo tu. Uzito uliolielemea gari ungali pale pale, na sasa hauonekani.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kuanza na tufe la chuma ambalo trela hushikizwa kwalo. Trela yenye ekseli moja haisimami yenyewe. Sehemu ya uzito wake hulala juu ya tufe hilo. Kwa kawaida sehemu hiyo huwa takriban asilimia 10 ya uzito wote wa trela, kwa hivyo trela ya kilo 1,000 hukandamiza tufe kwa kilo 100 hivi.

Lakini tufe liko nyuma ya magurudumu ya nyuma, na hapo gari hugeuka kuwa kama pembea. Tuchukue gari ambalo ekseli zake mbili zimeachana kwa mita 2.7, na tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 100 juu ya tufe zitaiongezea ekseli ya nyuma kilo 144, kwa kuwa kilo 44 zinanyang'anywa ekseli ya mbele. Ongeza jokofu, hema na mitungi ya maji iliyorundikwa kwenye buti, ambayo nayo iko nyuma ya ekseli, na hesabu inazidi kuwa mbaya.

Kilo hizo zinazopotea mbele ndizo za kuogopwa kuliko mkwaruzo wowote. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari na ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya breki. Yakiwa mepesi, usukani huwa laini kupita kiasi na gari huchelewa kuitikia kwenye kona yenye maji. Isitoshe, taa huangaza juu. Yeyote aliyewahi kusafiri usiku katika barabara ya Mombasa anajua maana ya kupofushwa na gari linalokuja.

Basi dawa ya kwanza ni mizani. Pima kwa utepe kimo kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu, kabla ya kufunga trela na baada ya kuifunga. Ikiwa mbele pameinuka, umepata jibu. Kisha weka mkono wa trela, ukiwa katika kimo chake cha kawaida cha kuvutwa, juu ya mizani ya magunia kama ile ya maduka ya nafaka. Linganisha uzito huo na kiwango ambacho mtengenezaji wa gari ameruhusu, kinachopatikana katika kitabu cha gari au kwenye kibati kilichobandikwa kwenye chuma cha kuvutia.

Mara nyingi kupanga mizigo upya hutosha. Mitungi mitatu ya maji ya lita 20 ni kilo 60. Ikiwa imewekwa mita 1.5 mbele ya ekseli ya trela, na tufe liko mita 3 kutoka ekseli hiyo, kuihamishia juu ya ekseli kunapunguza kilo 30 kwenye tufe. Ni kazi ya dakika tano, na haigharimu hata shilingi.

Ila mtu asipitilize. Mwenye kusogeza mizigo hadi mkiani mwa trela atafurahia kuona gari limenyooka, lakini akifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huenda trela ikaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Uzito wa tufe usiachwe kushuka chini ya asilimia 5 hivi. Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta polepole na ushike usukani bila kupigana nao.

Iwapo uzito uko sawa na gari bado linainama, hapo ndipo springi ngumu zaidi zina maana. Kwa gari lenye springi za kuzunguka, wapo wanaotia maputo ya hewa ndani yake. Kwa pick-up yenye springi za majani, tahadhari inahitajika: nchini Australia, ambako uvutaji wa trela za kambi umeenea mno, kuna fremu za pick-up zilizokunjika njiani, hasa pale maputo yalipobeba shehena nzito katika nukta moja ya fremu. Springi mpya haziongezi uwezo wa ekseli wala wa fremu.

Vipo pia vyuma vya kurudisha uzito mbele, ambavyo hufungwa kati ya gari na mkono wa trela. Kwenye lami vinafaa sana. Kwenye makorongo vifunguliwe, kwani hukaza kiungo kinachopaswa kukunjika kwa uhuru.

Yasalia ufundi wa kuendesha. Kwenye tuta, chuma cha kuvutia hugusa chini baada ya magurudumu ya nyuma kushuka, wala si kabla. Madereva wengi hukanyaga mafuta mara tu magurudumu ya mbele yanapovuka, na kule kukanyaga hushusha nyuma zaidi. Punguza mwendo mapema, achilia breki, na usiongeze mafuta hadi magurudumu ya trela yawe yamevuka.

Kwenye laga, kama zile zinazoikata barabara ya kutoka Laisamis kuelekea Loiyangalani, hatari iko kwenye kupanda ng'ambo: pua inapoinuka, mkia huchimba mchanga. Shuka utembee kwa miguu kwanza. Ukingo ukiwa mkali, ukate kwa sepetu. Gurudumu dogo la mkono wa trela liondolewe kabisa badala ya kukunjwa, na minyororo ya usalama ipishanishwe chini ya kiungo, iwe mifupi kiasi cha kutoburuta chini lakini mirefu ya kutosha kona.