Daktari Alikosea, Mjane Akashindwa

Wengi wanaokuja ofisini kwangu Mombasa kuulizia kesi ya uzembe wa kitabibu huwa wameshahukumu moyoni: daktari hakuutambua ugonjwa, mgonjwa akafa au akalemaa, basi hospitali ilipe. Kabla sijafungua faili, huwasimulia habari ya walinzi watatu wa London, maana pale walipokwama wao ndipo kesi nyingi hukwama.

Alfajiri ya Januari 1, 1966, walinzi hao walikunywa chai wakiwa zamu katika chuo kimoja mtaani Chelsea, kisha wakaanza kutapika mfululizo. Kwenye saa mbili asubuhi walifika kitengo cha dharura cha hospitali ya karibu. Muuguzi akampigia simu daktari wa zamu. Daktari, ambaye naye hakuwa mzima siku hiyo, hakuja kuwaona. Aliagiza warudi nyumbani, walale, wawaite madaktari wao. Yapata saa saba na nusu mchana mmoja wao akafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa amelishwa arseniki.

Mjane alishtaki. Wanasheria huijua kesi hiyo kwa jina la Barnett, nayo imo katika ripoti za sheria za mwaka 1968. Jaji alikubaliana naye katika mambo mawili makubwa. Kwanza, hospitali iliyofungua kitengo cha dharura ina wajibu kwa anayeingia kutafuta msaada. Pili, daktari alipaswa kumwona na kumpima mgonjwa yule, na kwa kutofanya hivyo alikuwa mzembe.

Hata hivyo, mjane alishindwa. Mahakama iliuliza swali la tatu: je, mgonjwa angepokewa vizuri, angepona? Wataalamu walieleza kwamba sumu ile ilikuwa nadra, kwamba kuitambua kulihitaji vipimo vya maabara, na kwamba dawa ya kuizimua isingemfikia mgonjwa kabla hajafa. Kwa hiyo uzembe ulikuwepo, lakini haukuwa ndio uliomuua.

Swali hilo la tatu ndilo linalowachoma wateja wangu. Wajibu si mgumu kuuthibitisha. Uzembe hupimwa kwa yale ambayo daktari mwenye ujuzi wa kawaida angeyafanya mahali pale na wakati ule, na hapo daktari mwingine huja kutoa ushahidi. Kugumu ni kuthibitisha kwamba kuchelewa ndiko kulikoleta madhara, tena kwa kiwango cha zaidi ya nusu ya uwezekano.

Kijana mmoja wa Uingereza alionja ugumu huo. Mwaka 1977, akiwa na miaka 13, alianguka akaumia nyonga. Hospitali haikuliona jeraha hilo. Lilitambuliwa siku 5 baadaye, na nyonga ikaharibika kwa maisha. Jaji aliona kwamba hata angetibiwa siku ileile, uwezekano wa kuharibika ulikuwa asilimia 75, akampa robo ya fidia, pauni 11,500, kwa nafasi ya kupona aliyoipoteza. Mwaka 1987, katika kesi ya Hotson, mahakama ya mwisho ya Uingereza ikaiondoa fidia hiyo. Robo ya uwezekano haikufika nusu.

Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu za Kenya, ila mawakili huyataja na majaji huyasikiliza. Mimi naona uamuzi wa kijana yule ni mkali mno kwa mgonjwa. Lakini ninapoandaa kesi siwezi kujifanya haupo. Nalazimika kujua mgonjwa alifika saa ngapi, alikuwa na hali gani, na matibabu yangewezekana saa ngapi.

Hapo ndipo karatasi zinapookoa. Mama mmoja aliniletea habari ya mwanawe aliyepelekwa hospitali akilia tumbo. Alipewa dawa za maumivu akarudishwa nyumbani, na usiku wa pili akapasuliwa, kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka. Katika faili la ziara ya kwanza hapakuwa na saa wala kiwango cha homa. Mama, kwa bahati, alikuwa ameandika nyuma ya risiti ya famasi: saa walipofika, saa walipoonwa, saa mtoto alipoanza kutapika. Daktari bingwa aliyenisaidia alianzia kwenye risiti hiyo.

Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: omba nakala ya faili mapema, kwa barua, na ubaki na nakala ya barua yenyewe. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali, na zilizo kwa mtu mwingine ikiwa anazihitaji ili kulinda haki yake. Ibara ya 43 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa kwenye baraza linalosimamia madaktari. Fidia hudaiwa mahakamani, na huko muda una mwisho: kwa kawaida miaka 3, lakini miezi 12 tu ikiwa anayeshtakiwa ni Serikali. Nimewahi kupokea familia yenye ushahidi mzuri na muda uliokwisha. Hakuna jibu linaloniuma kulitoa kama hilo.

Najua kumtuma mfiwa akadai faili ni kumwongezea mzigo. Lakini matangani huwa tunagawana kazi: huyu kaburi, huyu chakula, huyu kupokea wageni. Na ndugu mmoja mwenye utulivu apewe kazi ya karatasi: akusanye risiti, awaulize waliokuwepo, aandike saa kabla kumbukumbu hazijachanganyika. Familia ikiamua baadaye kutoshtaki, ni haki yao. Bora waamue wakijua kilichotokea.